Parafujo Nne

Alikuja kijana wa utafiti, shati limenyooshwa,
akasimama mbele ya meza yangu Mtaa wa Aggrey:
"Fundi, wateja wako wanataka nini
katika simu ijayo?"
Nikapuliza vumbi kwenye saketi kwanza.
Nikamwambia kaa. Akakosa pa kukaa.

Andika basi.

Anyosisye, mjenga kuta, Mbagala Rangi Tatu.
Saruji imemla vidole, alama zimefutika.
Kila alfajiri anaigusa simu yake
nayo inamjibu: wewe si wewe.
Anataka simu itakayomjua kwa sugu.

Sikudhani, mkaanga samaki, Feri.
Kioo hakisikii kidole chenye mafuta.
Pesa imeingia au haijaingia?
Mteja kanyanyua mfuko, anaondoka,
yeye anafuta kidole kwenye kanga, anafuta, anafuta.
"Mafuta ndiyo kazi yangu," anasema.
"Wao wanadhani tunashika simu
tukishatoka kuoga?"

Lusajo wa bodaboda haihitaji kamera ya nne.
Anataka kioo kisomeke saa saba mchana, Ubungo,
jua limemkalia utosini,
na chaji ivuke usiku wa manane,
maana abiria wa mwisho ndiye asiyebishana bei.

Binti wa jirani aliiambia simu yake,
kwa Kiswahili kilichonyooka,
"Nionyeshe njia ya Kigogo."
Ikamletea picha za wakubwa wamevaa tai.
Andika: ijue kwamba Kigogo ni mahali,
na watu wanalala huko.

Yupo mama mmoja, jina lake usiandike.
Anataka simu ikatae.
Ikifika saa tano usiku, mumewe anabeti
mechi za miji asiyoweza kuitamka,
simu iseme chaji imekwisha. Idanganye.
Nikamwambia, mama, simu hazijafundishwa uongo wa faida.
Akanijibu: "Mbona wa hasara zinaujua?"

Kijana akacheka, akageuza ukurasa.
"Na simu ya kukunjika, fundi?"
Hapa kinachokunjwa ni mkeka.

Ngoja, na maji.
Jangwani ilipofurika Aprili
nililetewa simu kumi na saba ndani ya mifuko ya mchele.
Mchele hausaidii, nimesema mpaka sauti imekauka.
Simu sita zilipona.
Mchele sikuutupa. Nyumbani tulikula ubwabwa wiki nzima.

Mimi hakuniuliza. Nikajiuliza mwenyewe.

Nataka parafujo nne.
Siku hizi mnazifunga kwa gundi,
nazipasha moto kwa drai ya saluni ya Mwanaisha,
napenyeza kadi ya kliniki iliyokwisha muda,
huku nimebana pumzi kioo kisipasuke.
Nipeni parafujo nne, moja kila pembe,
nijue kwamba mlipokuwa mnaiunda
mlikumbuka kuna siku itaharibika
na kuna mtu ataifungua.

Alikuwa ameshafunga daftari.
Nikavuta droo.
Hii ni ya Bi Zainabu Pazi, wa Magomeni.
Kioo kimekufa, ubao umeota kutu ya kijani.
Ndani yake marehemu mumewe anauliza
kama mkaa umebaki, au anunue akirudi.
Sekunde kumi na moja.
Hataki simu mpya. Wanawe wamemnunulia mbili.
Kila mwisho wa mwezi anakuja,
anaweka mkoba mezani, haulizi,
ananitazama tu.

"Hiyo," kijana alisema taratibu,
"sijui niiandike kwenye safu gani."

Umeme ukakatika.
Aggrey nzima ikaguna mara moja,
jenereta la dukani mwa Shirima likakohoa, likanyamaza,
kisha tochi za simu zikawaka, moja, tano, mtaa mzima,
na ndipo nilipokumbuka
kwamba tochi hakuna aliyeiomba.

Nikamwambia washa yako.
Sogea. Shusha mkono kidogo.
Hapo hapo, usitikisike.